Farasi wa Kale na Bonde la Ufa

Katika mji wa Uvira na vijiji vilivyojipanga kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu na kuendelea kusini kuelekea Makobola na Baraka, farasi ni mnyama anayejulikana kwa picha na filamu zaidi kuliko kwa macho, na kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba historia yake inahusu Ulaya, Uarabuni na nyika za Asia peke yake. Dhana hiyo haina msingi, kwa kuwa wanyama wa jamii ya farasi wameishi Afrika ya Mashariki kwa takriban miaka milioni 10, na mabaki yao yamechimbuliwa Kenya, Ethiopia, Tanzania na hata ndani ya Kongo yenyewe. Mazungumzo haya yanaeleza jinsi jamii hiyo ilivyoanza, jinsi meno na miguu yake ilivyobadilika, na jinsi ilivyofika katika Bonde la Ufa, yakitetea hoja moja: mageuko ya farasi hayakuwa safari iliyonyooka ya kumtafuta farasi wa leo, bali yalikuwa majibu ya viumbe hai kwa ardhi, mvua na majani, na ardhi ya Maziwa Makuu ilichangia sehemu kubwa ya majibu hayo.

Ni vyema kwanza kueleza maneno yatakayotumika. Wataalamu wa elimu ya viumbe huwaweka farasi, punda na punda milia katika jamii moja iitwayo Equidae, na wote waliobaki hai leo wamo katika jenasi moja, yaani kundi moja la spishi zilizo karibu kinasaba, liitwalo Equus. Ndugu zao wa mbali ni vifaru na tapiri, kwa sababu wanyama hao wote huubeba uzito wa mwili juu ya kidole cha kati cha mguu, tofauti na ng'ombe, mbuzi na swala ambao hukanyaga kwa vidole viwili vilivyo sawa. Visukuku ni mabaki ya viumbe wa kale, kama vile mifupa, meno au nyayo, yaliyofunikwa na matope, mchanga au jivu la volkano na kugeuka kuwa kama jiwe kadiri madini ya ardhi yalivyopenya ndani yake. Mageuko, kwa upande wake, ni mabadiliko ya sifa za kurithi katika kizazi baada ya kizazi, yanayoweza hatimaye kuzaa spishi mpya kabisa.

Mwanzo wa jamii hii unapatikana zaidi ya miaka milioni 55 iliyopita, wakati dunia ilipokuwa na joto kubwa na misitu ilienea hadi maeneo ambayo leo yana baridi kali. Katika misitu ya Amerika ya Kaskazini aliishi mnyama mdogo, mwenye kimo cha mbwa wa kawaida, aliyekuwa na vidole vinne katika kila mguu wa mbele na vitatu katika kila mguu wa nyuma, na aliyekula majani laini na matunda. Ndugu zake wa karibu waliishi Ulaya pia, na Mwingereza Richard Owen, alipoeleza mabaki ya mmojawapo mwaka 1841, alimpa jina la Hyracotherium, kwa maana aliona kwamba meno yake yalifanana na ya pimbi, wala hakujua kwamba mbele yake kulikuwa na jamaa wa farasi. Mwaka 1876 Mmarekani Othniel Charles Marsh, profesa wa Yale aliyekusanya visukuku vingi kutoka magharibi ya Marekani, alimwita mnyama wa Amerika Eohippus, yaani farasi wa alfajiri, akapanga mifupa yake pamoja na ya waliomfuata ili kuonyesha jinsi vidole vilivyopungua hatua kwa hatua. Katika mwaka huohuo Thomas Huxley, mtetezi mashuhuri wa nadharia ya Darwin, alimtembelea Yale, akayatumia mabaki hayo katika mihadhara yake ya New York kama ushahidi wa wazi kwamba viumbe hubadilika.

Kanuni inayoendesha mabadiliko hayo huitwa uteuzi wa kiasili, na wakaazi wa Uvira hawahitaji kwenda Amerika ili kuiona ikifanya kazi, kwa sababu mfano wake mmoja uliosifiwa sana duniani umetoka katika maji ya Ziwa Tanganyika, ambako watafiti wa Japani wamefanya kazi kwa miaka mingi pamoja na wenzao wa Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia cha Uvira. Mwaka 1993 mtafiti Michio Hori alieleza habari za samaki aitwaye Perissodus microlepis, ambaye huishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wengine, na ambaye mdomo wake umepinda ama upande wa kulia ama upande wa kushoto. Wenye mdomo wa upande mmoja wanapozidi kuwa wengi, samaki wanaoshambuliwa hujihadhari zaidi na upande huo, na wale wachache wa upande wa pili hupata chakula kwa urahisi zaidi na kuzaa zaidi, hata idadi ya makundi hayo mawili ikarudi kukaribiana. Hakuna samaki anayeamua kupindisha mdomo wake. Mazingira ndiyo yanayowapa nafasi wale waliozaliwa na umbo linalofaa, na umbo hilo likarithiwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa farasi, isipokuwa kwao kilichochagua kilikuwa majani, udongo na wanyama wawindao, na muda wake ulikuwa mamilioni ya miaka.

Takriban miaka milioni 34 iliyopita dunia ilianza kupoa, misitu ikapungua katika sehemu nyingi za Amerika ya Kaskazini, na mahali pake pakaenea vichaka na baadaye mbuga za nyasi. Wakati huo aliishi Mesohippus, mwenye vidole vitatu katika kila mguu, mrefu kidogo kuliko mababu zake, lakini bado mla majani ya miti. Baada yake walikuja wengine wengi, na kati ya miaka milioni 20 na milioni 15 iliyopita walitokea Parahippus na kisha Merychippus, ambao meno yao yanaonyesha kwamba nyasi zilikuwa zimeanza kuwa chakula chao cha kila siku.

Badiliko la kula nyasi badala ya majani laini ni kubwa kuliko linavyoonekana, na mtu aliyefanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kiliba anaweza kulielewa upesi. Jani la muwa hukata ngozi ya mkono kwa sababu ukingo wake una chembe ngumu za silika, madini yaleyale yanayounda mchanga mweupe, na jamii nzima ya nyasi, kuanzia mpunga hadi magugu ya njiani, hubeba chembe za namna hiyo katika majani yake. Zaidi ya hayo, mnyama anayelisha karibu na ardhi humeza vumbi na mchanga pamoja na majani. Meno mafupi ya mla majani ya miti yangesagika na kwisha mapema, na mnyama angekufa kwa njaa akiwa bado kijana, kwa hiyo kila aliyezaliwa na meno marefu kidogo alipata miaka zaidi ya kuishi na kuzaa.

Gego la farasi anayekula nyasi linastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana ndani yake imo sehemu kubwa ya historia hii. Umbo lake ni kama la nguzo yenye pande nne, ndefu, ambayo sehemu kubwa imefichwa ndani ya taya na huchomoza polepole kadiri ncha yake inavyosagika, katika farasi wa leo kwa kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa mwaka. Likitazamwa kwa juu, uso wake una mistari ya enameli iliyojikunja kama ramani ya mto wenye vijito vingi, na kati ya mikunjo hiyo kuna tabaka laini zaidi za dentini na sementi ya jino, ambayo ni kitu kinachofanana na mfupa. Kwa kuwa sehemu laini husagika haraka kuliko enameli, mistari ya enameli hubaki imesimama juu kidogo, na hivyo jino hujinoa lenyewe kila siku kwa kazi ileile inayolimaliza. Kwa sababu enameli ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili, meno ndiyo mabaki ya farasi wa kale yanayopatikana kwa wingi kuliko mengine.

Miguu nayo ilibadilika kwa sababu zilizo wazi. Katika msitu mnyama mdogo huweza kujificha, na mguu wenye vidole vingi vilivyotanuka humsaidia kutembea juu ya udongo mwororo, lakini katika mbuga iliyo wazi usalama umo katika kuona mbali na kukimbia haraka kwa muda mrefu. Mifupa ya sehemu ya chini ya mguu ilirefuka, kidole cha kati kikanenepa na kuvaa ukwato mpana, vidole vya pembeni vikapungua hadi vikawa haviigusi ardhi kwa kawaida, na kano ngumu zilizo nyuma ya mguu zikachukua kazi ya kamba inayonyumbuka, ambayo huvutika ukwato unapokanyaga na kuurudisha mguu juu bila kuichosha misuli. Farasi na punda milia wa leo bado wana alama ya historia hiyo, kwani kila upande wa mfupa mkuu wa chini ya goti lao kuna kijiti chembamba cha mfupa kisichofika kwenye ukwato, ambacho ni mabaki ya vidole vya pembeni vya mababu zao.

Maelezo haya yangeweza kumfanya msikilizaji afikiri kwamba kila farasi alikuwa daraja moja la ngazi, kutoka mdogo hadi mkubwa na kutoka vidole vinne hadi kimoja, na kwa miaka mingi vitabu vya shule vilichora picha ya namna hiyo. Mwanapaleontolojia George Gaylord Simpson, katika kitabu chake kuhusu farasi kilichochapishwa mwaka 1951, alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba historia hii ina matawi mengi. Takriban miaka milioni 15 iliyopita zaidi ya jenasi 10 za jamii ya farasi ziliishi Amerika ya Kaskazini kwa wakati mmoja, baadhi zikiendelea kula majani ya miti huku nyingine zikila nyasi, na zipo zilizopungua kimo badala ya kuongezeka, kama Nannippus, aliyekuwa mdogo mwenye miguu myembamba. Karibu matawi yote hayo yalikatika. Kwamba leo limebaki tawi moja tu la Equus si ushahidi kwamba ndilo lililokusudiwa tangu mwanzo, na mtu angeitazama dunia ya miaka milioni 5 iliyopita asingeweza kukisia kwamba farasi wa vidole vitatu, waliokuwa wengi katika Asia, Ulaya na Afrika, ndio wangetoweka.

Farasi hao wa vidole vitatu ndio waliofika kwanza katika Afrika. Zaidi kidogo ya miaka milioni 11 iliyopita, maji ya bahari yalipokuwa yamepungua na Amerika kuungana na Asia kwa njia ya ardhi mahali panapoitwa leo Mlango wa Bering, kundi la farasi wenye meno marefu na vidole vitatu lilivuka, likaenea Asia na Ulaya kwa kasi kubwa, na muda si mrefu likaingia Afrika. Wataalamu huwaita kwa jumla hiparioni. Meno yao yamepatikana Chorora nchini Ethiopia na Nakali nchini Kenya, katika tabaka za umri wa kati ya miaka milioni 8 na milioni 10, na vizazi vyao vilijenga katika Afrika jenasi mpya iitwayo Eurygnathohippus, ambayo hutambulikana kwa kinguzo kidogo cha enameli kilichosimama upande wa nje wa magego ya chini.

Wakati huohuo nchi yenyewe ilikuwa ikipasuka. Andrew Cohen na wenzake, waliopima matope yaliyo chini ya Ziwa Tanganyika na kuchapisha matokeo yao mwaka 1993, walikadiria kwamba beseni la kati la ziwa lilianza kujengeka kati ya miaka milioni 9 na milioni 12 iliyopita, na beseni la kaskazini, lile ambalo Uvira na Bujumbura zimekaa ukingoni mwake, kati ya miaka milioni 7 na milioni 8. Maana yake ni kwamba sakafu ya ziwa ilipokuwa ikizama na Milima ya Mitumba ikiinuka, hiparioni walikuwa tayari wanalisha katika mbuga za Afrika ya Mashariki. Kuinuka kwa milima na nyanda za juu kulibadilisha mwendo wa pepo zinazoleta mvua, na pamoja na ukavu ulioongezeka duniani kote kulisaidia kuirarua misitu ya mashariki na kuacha mbuga zenye miti michache, mahali panapomfaa mla nyasi mwenye mbio.

Ushahidi wa badiliko hilo la mimea umo ndani ya meno yenyewe, na uwanda wa Ruzizi unatoa njia rahisi ya kuueleza. Mahindi na miwa hutumia njia moja ya kutengeneza chakula kutokana na jua na hewa, njia inayofaa penye joto na mwanga mkali, ilhali mpunga unaolimwa katika uwanda huohuo hutumia njia nyingine iliyo ya kale zaidi, kama ifanyavyo miti karibu yote. Mimea ya kundi la kwanza hubakiza ndani yake kiasi kikubwa zaidi cha kaboni nzito, yaani atomu za kaboni zenye uzito wa 13 badala ya 12, na mnyama anayekula mimea hiyo huiingiza kaboni hiyo katika enameli ya meno yake, ambamo hukaa kwa mamilioni ya miaka. Kevin Uno na wenzake, waliochunguza unga kidogo uliokwanguliwa katika meno ya wanyama wa kale wa Kenya, walionyesha mwaka 2011 kwamba jamii ya farasi ilikuwa ya kwanza kati ya wala majani wakubwa kugeukia nyasi za joto, takriban miaka milioni 10 iliyopita, kabla ya vifaru, tembo na wengine waliofuata mkondo huo baadaye. Mgeni aliyetoka ng'ambo alikuwa amekwisha kuja na meno yanayofaa, na mbuga mpya zilimpokea kabla ya wenyeji.

Kwa upande wa Kongo, ushahidi ulio bora unatoka Semliki ya Juu, kaskazini ya Kivu ya Kaskazini, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika Ziwa Eduardi karibu na Ishango, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Ishango ilipata sifa kwa uchimbaji wa Mbelgiji Jean de Heinzelin uliofanyika katika miaka ya 1950, lakini karibu yake zimo tabaka za kale zaidi ziitwazo tabaka za Lusso, zenye umri wa takriban miaka milioni 2, ambazo ziliwapa watafiti wa miaka ya 1980 zana za mawe pamoja na mabaki ya wanyama na samaki. Mwaka 1990 Raymond Bernor na William Sanders walichapisha uchunguzi wa visukuku vya jamii ya farasi kutoka tabaka za Semliki ya Juu, na kwa kazi hiyo Kongo ikaingia katika ramani ya farasi wa kale kwa ushahidi wa mifupa na meno.

Kwa nini basi pwani ya Uvira haina sifa kama ya Semliki au ya Ziwa Turkana? Jibu ni la kijiolojia. Ili mfupa ugeuke kisukuku ni lazima ufunikwe haraka, na ili uonekane ni lazima ardhi iliyoufunika iinuliwe na kumomonyolewa polepole, kama ilivyotokea Semliki na Turkana. Katika Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia mita 1,470, tabaka za kale bado zimelala chini ya maji, na katika sehemu nyingine unene wa matope hayo unazidi kilomita 4. Juu ya ufuko, miteremko ya Mitumba ni mikali mno, na mito mifupi kama Mulongwe na Kalimabenge hukokota mawe na udongo kwa nguvu kila masika, kama wakaazi wa Uvira walivyoshuhudia kwa uchungu katika mafuriko ya Aprili 2020. Mahali pa namna hiyo mfupa huvunjika kabla ya kuhifadhiwa. Kukosekana kwa mifupa ufukoni, kwa hiyo, hakuthibitishi kwamba wanyama hawakuwepo.

Upande wa mashariki wa ziwa pia kuna ushahidi. Katika bonde la Manonga, kati ya Tabora na Shinyanga nchini Tanzania, timu iliyoongozwa na Terry Harrison katika miaka ya 1990 ilikusanya mabaki mengi ya wanyama wa miaka milioni 4 hadi 5 iliyopita, wakiwamo hiparioni. Laetoli, karibu na Olduvai, uliachwa ushahidi wa nadra kuliko mifupa. Miaka milioni 3.66 iliyopita jivu la volkano lilianguka, mvua nyepesi ikalilowesha, wanyama wakapita juu yake, jivu likakauka na kufunikwa na jivu jingine. Nyayo za kwanza ziligunduliwa mwaka 1976 na timu ya Mary Leakey, na nyayo za zamadamu, yaani viumbe wa ukoo wa binadamu waliotembea wima, mwaka 1978. Katika eneo lilelile zimo nyayo za hiparioni, za mnyama mzima na za mtoto, na mtafiti Elise Renders, aliyezipima na kutoa matokeo yake mwaka 1984, alionyesha kwamba walikuwa katika mwendo wa haraka wenye hatua nne zinazofuatana, mwendo ambao baadhi ya farasi wa leo huutumia pia. Mifupa huonyesha mnyama alivyoumbwa, lakini nyayo hizo zinaonyesha alivyotembea, na kwamba mtoto alikuwa amefuatana na mkubwa.

Takriban miaka milioni 2.3 iliyopita, kama tabaka za bonde la Omo nchini Ethiopia zinavyoonyesha, mgeni wa pili aliingia Afrika ya Mashariki. Huyu alikuwa Equus mwenyewe, aliyetokea Amerika ya Kaskazini na kupita Asia, mnyama wa ukwato mmoja katika kila mguu. Mtaalamu huweza kuwatofautisha hao wawili kwa gego moja tu la juu, kwa maana katika hiparioni kipande kimoja cha enameli kimesimama peke yake kama kisiwa, ilhali katika Equus kimeungana na sehemu nyingine ya jino. Kwa zaidi ya miaka milioni moja wote wawili waliishi katika nchi moja, na mabaki yao huchimbuliwa pamoja Olduvai, jambo linaloonyesha kwamba vidole vitatu havikuwa kasoro iliyomwangusha mwenye navyo mara tu alipotokea mwenye kimoja. Hiparioni wa Afrika walitoweka katika miaka milioni moja iliyopita, hatua kwa hatua, wakati ambapo hali ya hewa ilikuwa ikigeukageuka na mbuga kubadilika, na Equus akabaki peke yake. Huko Amerika, walikozaliwa wote, farasi walitoweka takriban miaka 10,000 iliyopita, wakarudishwa na Wahispania kwa meli.

Warithi wa Equus wa Afrika ni punda wa porini na punda milia, na mmoja wao anabeba jina lenye uhusiano na Ziwa Tanganyika. Punda milia wa kawaida wa Afrika ya Mashariki huitwa kitaalamu Equus quagga boehmi, jina alilopewa na Paul Matschie mwaka 1892 kwa heshima ya Mjerumani Richard Böhm, aliyechunguza wanyama wa nchi za mashariki ya ziwa, akalivuka, na kufia Katanga mwaka 1884. Punda milia bado wapo katika Hifadhi ya Katavi, ng'ambo ya ziwa upande wa Tanzania, na Akagera nchini Rwanda, lakini ndani ya Kongo kundi la mwisho linalojulikana limo katika Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, na idadi yao imeshuka vibaya kwa ujangili na vita. Taifa lililo na visukuku vya jamii hii huko Semliki limebakiwa na walio hai katika mahali pamoja tu.

Swali moja lililobaki ni kwa nini farasi wa kufugwa hakuwahi kuzoea nchi hizi, ilhali ndugu yake mwenye milia alistawi. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa kabla msafara haujafika mbali, lakini yeye alifika Ujiji na kisha kusafiri kwa mtumbwi pamoja na David Livingstone, mwezi Novemba wa mwaka huo, hadi mwisho wa kaskazini wa ziwa, ambako walithibitisha kwamba Ruzizi unaingia ziwani wala hautoki. Magonjwa yanayoenezwa na mbung'o, pamoja na tauni ya farasi inayoletwa na vijidudu viumavyo usiku, yaliwaua wageni, ndiyo sababu mizigo ya misafara ya pembe na ya watumwa ilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu. Punda milia huyavumilia magonjwa hayo kwa kiasi kikubwa, na majaribio ya Tim Caro na wenzake, yaliyotangazwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba nzi waumao hushindwa kutua vizuri juu ya mwili wenye milia. Kila kizazi kilichopita katika ardhi hii kiliacha kitu katika miili ya waliofuata, na farasi wa kufugwa, aliyelelewa kwa vizazi vingi katika nyika za baridi, hakuwa na urithi huo.

Kutokana na yote haya inafuata kazi ambayo haihitaji fedha nyingi. Walimu wa biolojia na jiografia katika shule za Uvira wanaweza kufundisha mageuko kwa mifano ya nyumbani, wakianza na samaki wa Tanganyika, nyasi za Ruzizi na meno ya Semliki, badala ya kuanza na picha za nchi za mbali ambazo mwanafunzi hawezi kuzigusa. Wachimba mchanga, wafyatua matofali na wavunja mawe, ambao kila siku hufungua ardhi kuliko mtafiti yeyote, wanaweza kuelezwa jinsi mfupa uliogeuka jiwe unavyotofautiana na mfupa wa kawaida kwa uzito na rangi yake, na kwamba ukionekana uachwe mahali pake, upigwe picha, na habari zipelekwe kituo cha utafiti au chuo kikuu kilicho karibu, kwa sababu kisukuku kilichong'olewa bila kuandikwa kilikotoka hupoteza umri wake, na pamoja na umri hupoteza karibu maana yake yote. Nao walinzi wa Upemba wanaowalinda punda milia wa mwisho wa Kongo wanastahili kuungwa mkono na taifa zima, kwa kuwa wanachokilinda ni tawi lililo hai la jamii iliyoanza kuingia katika Bonde la Ufa wakati ziwa lenyewe lilipokuwa linaanza, na tawi la namna hiyo likikatika hakuna uchimbaji wowote utakaolirudisha.